Mashine ya barafu ya friji imeacha kutoa barafu baada ya kuhamia Fuoni: nianze kuangalia wapi?

Muulizaji, Fuoni, Unguja

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba msaada wa wanaoyajua majokofu, kabla sijatoa fedha ambazo huenda hazina haja ya kutoka.

Nina friji ya milango miwili, ile ambayo friza yake iko upande mmoja kuanzia juu hadi chini, na ndani ya friza mna mashine inayotengeneza barafu yenyewe kwa maji yanayoingia kwa mpira mwembamba kutoka nyuma. Ilinunuliwa ikiwa imekwishatumika, ikaletwa kutoka Dubai, na kibandiko chake kinaonyesha volti 220 hadi 240 na hezi 50, kwa hiyo haihitaji transfoma. Kwa miaka mitatu tuliyokaa Kikwajuni, katika nyumba iliyokuwa na pampu ya maji, haikutusumbua hata siku moja. Miezi miwili iliyopita tulihamia Fuoni. Hapa jiko liko ghorofani, na tangi la lita 1,000 limewekwa juu ya zege la paa, karibu juu ya jiko lenyewe.

Wiki ya kwanza barafu ilitoka, lakini ndogo. Wiki ya pili vipande vikawa vyembamba na vyenye uwazi katikati, mithili ya kifuu cha nazi. Baada ya hapo niliikuta ndoo ya barafu ina bonge moja lililoshikana, ambalo nililivunja kwa taabu, na tangu siku hiyo hakijadondoka kipande hata kimoja. Ajabu ni kwamba samaki na nyama vinaganda vizuri kabisa katika friza hiyo hiyo.

Nilimwita fundi. Akagonga gonga, akasikiliza, akasema bodi, yaani ile sahani ya umeme inayoiongoza friji, imekufa na gesi imepungua, na kwamba kazi yote ni shilingi laki mbili na nusu. Hakuufungua mpira wa maji wala hakuuliza habari za tangi. Sisemi kwamba hajui kazi yake, ila moyo wangu haukutulia. Ramadhani inakaribia, na mama yangu huuza juisi ya ukwaju na ya embe nje ya nyumba wakati wa kufuturu, na barafu hii ndiyo tunayoitegemea. Nianze kuangalia wapi?

Fundi wa majokofu, Mwanakwerekwe

Waalaykumu salaam dada yangu. Usiilipie bodi kwanza, na gesi iondoe kabisa katika mawazo. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji yenye chumvi nyingi katikati ya friza, ukisome baada ya usiku mmoja. Kikisoma kiasi cha nyuzi 18 chini ya sifuri, gesi iko sawa. Samaki wako wamekwisha kukujibu kwa upande wao.

Ili uelewe ninachokwenda kukwambia, tazama jinsi mashine hii inavyofanya kazi. Maji huingia katika kalibu yenye vyumba vidogo. Kalibu ikipoa hadi kiasi cha nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri, thamostati au kihisio kilichogusana nayo hutoa ruhusa ya kumwaga. Katika mashine za zamani, hita iliyo chini ya kalibu huipasha kidogo ili barafu iachie, kisha vidole vinavyozungushwa na mota huisukuma ndooni. Katika nyingi za sasa hakuna hita, bali kalibu ya plastiki hupinduliwa na kusokotwa mpaka barafu idondoke. Likisha hilo, vali ya umeme, yaani koki ndogo inayofunguka yenyewe, iliyoko nyuma ya friji, chini, hufunguliwa ili kujaza maji upya.

Hapo pa mwisho ndipo penye siri. Mashine nyingi hazipimi maji, zinapima muda. Zile za zamani huiacha vali wazi kwa sekunde saba na nusu hivi, na katika muda huo hutarajiwa kuingia kiasi cha mililita 140. Muda ukiisha vali hufungwa, yawe yameingia mengi au machache. Maji yakija kwa unyonge, unapata vile vipande vyembamba ulivyovieleza.

(Kwa faida ya wengine: ndiyo sababu friji iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani, ya volti 115 na hezi 60, huweza kufurika hapa kwetu hata ikiwekewa transfoma nzuri. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Ile mota ndogo inayoendesha saa ya mashine huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na sekunde saba na nusu zikawa tisa. Hilo si tatizo lako.)

Sasa fanya jaribio hili, kwani ndilo linalogawa ugonjwa katika pande mbili. Hakikisha mkono wa waya au wa plastiki unaoshuka ndooni uko chini, kwa sababu ukiinuliwa mashine hudhani ndoo imejaa. Watoto huuinua mara nyingi bila kujua. Kisha tafuta kitufe cha majaribio kwenye mwili wa mashine, kwa kawaida chini yake au ubavuni, ukibonyeze kwa sekunde tatu hadi tano. Kalibu ikigeuka na kurudi, mota na bodi vinafanya kazi, na ugonjwa uko upande wa maji. Isipogeuka, hapo ndipo tutazungumza habari za mota, kihisio na bodi.

Jambo la pili: ikiwa friji yako ina mfereji wa maji ya kunywa mlangoni, chukua kikombe chenye alama, ubonyeze kwa sekunde 10, upime yaliyoingia. Watengenezaji kadhaa husema yasipungue mililita 170 au 180. Tuletee majibu ya vipimo hivyo viwili.

Mwalimu wa fizikia, Chake Chake, Pemba

Ndugu fundi amelieleza vizuri, nami naomba niongeze hesabu, kwa sababu maelezo ya dada yetu kuhusu tangi yamenifanya niamini kwamba jibu liko juu ya paa lake.

Presha ya maji yanayoshuka kutoka tangini haitegemei ukubwa wa tangi. Tangi la lita 1,000 na la lita 5,000 yakiwekwa kimo kimoja hutoa presha ile ile maji yanapokuwa katika usawa mmoja. Kinachohesabiwa ni kimo cha uso wa maji juu ya mahali yanapotumika, na kila mita 10 za kimo hutoa takriban baa 1 (baa na psi ni vipimo vya presha). Vali za mashine za barafu kwa kawaida huandikiwa presha ya chini ya psi 20, ambayo ni kiasi cha baa 1.4, na ya juu ya psi 120, ambayo ni baa 8 na kidogo. Baa 1.4 ni mita 14 za kimo. Maana yake ni kwamba, kwa kutegemea mteremko peke yake, tangi lingepaswa kuwa juu ya jengo la ghorofa nne na friji ikae chini kabisa.

Dada yetu ana jiko la ghorofani na tangi juu ya dari ya jiko hilo. Nikikisia kwa ukarimu, kutoka usawa wa maji hadi kwenye vali iliyoko miguuni mwa friji ni mita 4, yaani baa 0.4. Tena maji yakishapita katika vali inayalazimu kupanda ndani ya friji mpaka kwenye mashine iliyoko juu, kwa hiyo kimo kinachobaki cha kuyasukuma ni mita mbili na nusu au hata chini ya hapo. Toa na kile kinacholiwa na chujio na mpira wa robo inchi. Kule Kikwajuni pampu ilikuwa ikilificha jambo hili.

Kwa kukadiria, mtiririko katika njia ile ile hufuata kipeuo cha pili cha presha. Presha ikishuka hadi robo, maji hushuka hadi nusu. Badala ya mililita 140 kalibu hupata 70 au pungufu, na hivyo ndivyo vipande vyembamba.

Lakini kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, nalo ndilo linaloeleza lile bonge la barafu. Vali ya umeme ya aina hii haifungwi kwa nguvu za umeme. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira chenye tundu dogo katikati. Umeme ukija, koili huvuta kijiti cha chuma kilichoziba tundu hilo, maji ya juu ya kiwambo hutoka, na maji ya chini yake hukiinua kiwambo na kupita. Umeme ukikatwa, springi hurudisha kijiti, tundu huzibwa, na maji yenyewe hujikusanya juu ya kiwambo na kukikandamiza mpaka kizibe. Maji ndiyo yanayoifungua na maji ndiyo yanayoifunga. Yakikosa nguvu, kiwambo hakikai barabara, na vali hubaki ikidondosha tone baada ya tone. Matone hayo huingia ndooni na kuzigandisha barafu zikawa bonge, au huganda katika bomba la kujazia lililoko nyuma ya friza, na bomba likishaziba hakiingii kitu tena.

Kwa hiyo dalili zake zote, ndogo, nyembamba, bonge, kisha hakuna, naziona kuwa hatua za ugonjwa mmoja.

Mama wa nyumbani, Wete

Maalim, hesabu yako nimeifuata na nimefaidika nayo. Naomba kutoa tahadhari moja tu, ili dada asije akanunua pampu na tatizo likabaki pale pale.

Friji yangu si ya kuungwa na bomba. Ina tangi lake dogo la ndani ambalo ninalijaza kwa mkono, na kipampu kidogo ndicho kinachopeleka maji kwenye kalibu. Presha ya nyumba haiihusu kabisa. Hata hivyo mwaka jana ilianza kutoa vipande vyembamba vivyo hivyo. Nilipolitoa tangi nikakuta chujio lake limefunikwa na utando mweupe, mgumu kama ganda la yai. Maji ya visiwa vyetu yanapita katika mawe ya matumbawe, na chokaa tunaiona kila siku katika birika za chai. Nililowesha chujio katika siki kwa saa mbili, nikasugua kwa mswaki laini, nikasuuza mara tatu, na barafu zikarudi kuwa nene. Ndimu nayo hufanya kazi hiyo, ila huchukua muda mrefu zaidi.

Friji ya kuungwa na bomba nayo, kaka yangu aliyenitengenezea aliniambia, ina wavu mdogo pale mpira unapoingia katika vali. Uangalie huo pia.

Fundi wa majokofu, Mwanakwerekwe

Amesema kweli, nami nilipaswa kuutaja. Uchomoe plagi ukutani, ufunge koki ya maji, uweke beseni, ndipo ulegeze mpira kwenye vali. Wavu utauona ndani ya mdomo wa vali. Uvute kwa koleo nyembamba bila kuuchana. Baada ya tangi kusafishwa au mabomba kukatwa na kuungwa upya, mchanga mwingi huishia hapo. Usiirudishe vali bila wavu huo, kwa sababu chembe moja ya mchanga chini ya kiwambo inatosha kuifanya ivuje daima.

Chujio kubwa la ndani ya friji lina umri wa miezi sita kwa kawaida. Ikiwa hukumbuki lilibadilishwa lini, limekwisha.

Muulizaji, Fuoni, Unguja

Nimerudi na majibu, na nawashukuru nyote kwa kunieleza kwa subira.

Kipimajoto kimesoma nyuzi 18 chini ya sifuri. Kitufe nilikipata chini ya mashine. Nilipokibonyeza kalibu ikageuka, ikasokotwa, ikarudi mahali pake, na nyuma ya friji nikasikia mlio wa vali kwa sekunde chache. Hapakuingia hata tone. Mfereji wa mlangoni ulitoa mililita 60 kwa sekunde 10, na nilipoondoa chujio na kuweka kile kizibo cha kupitishia maji bila chujio, zikawa 80. Wavu wa kwenye vali ulikuwa na mchanga kidogo, nao nimeuosha.

Kisha nilitoa mashine kwa kufungua skrubu tatu, na ndani ya bomba la kujazia nikakuta barafu imejaa kama kidole. Nimeshawishika kuitoboa kwa bisibisi, lakini nikaona niulize kwanza.

Fundi wa majokofu, Mwanakwerekwe

Umefanya vyema kuuliza. Usitie bisibisi wala kisu mahali popote ndani ya friza. Nyuma ya ukuta ule wa plastiki mna mabomba ya gesi ambayo ni laini, na friji nyingi za sasa hutumia gesi ya R600a, ambayo huwaka moto. Angalia kibandiko cha nyuma utaiona imeandikwa. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu yeyote asije akawasha mshumaa au kibiriti ili kuyeyusha, na ile mashine ya kukaushia nywele sipendi itumike karibu na maji.

Friji ikiwa imechomolewa, chukua bomba la sindano jipya lisilo na sindano, ulivishe kipande cha mpira mwembamba, uvute maji ya uvuguvugu, uyapeleke taratibu ndani ya bomba huku umetandika taulo chini. Rudia mpaka kidole hicho cha barafu kiteleze chenyewe. Kausha kila mahali kabla ya kurudisha mashine.

Ama dawa ya kudumu, Maalim ameshaitoa. Funga pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye laini inayotoka tangini kwenda jikoni, yenye swichi ya presha inayoiwasha maji yanapotumika na kuizima yanapotulia. Baa 2 hadi 3 zinatosha. Usinunue kubwa kwa kudhani kwamba kubwa ni bora, kwani viungio vya mpira wa robo inchi ndivyo vitakavyoanza kuvuja. Watu huniuliza itakuwaje umeme ukikatika. Ukikatika, friji nayo imezimika, kwa hiyo hakuna barafu iliyokosekana kwa sababu ya pampu. Cha kufanya wakati huo ni kuiacha friza imefungwa, na ukatikaji ukiwa mrefu, kumwaga ndoo kabla barafu iliyoyeyuka haijaganda tena ikawa bonge.

Ukishafunga pampu, kaa siku mbili ukichunguza. Ikiwa bomba litaganda tena, kiwambo cha vali kimeshaharibika na vali ibadilishwe. Nunua yenye volti sawa na ya zamani. Imeandikwa juu ya koili. Ile ya volti 120 ukiiunga kwenye 230 koili itaungua.

Mwalimu wa fizikia, Chake Chake, Pemba

Kwa asiye na uwezo wa pampu kwa sasa, afunge koki ya maji ya friji, azime mashine kwa kuinua ule mkono, na atumie trei za kawaida. Kuiacha iendelee kupokea maji yenye presha ya baa 0.4 ni kuiachia vali ivuje.

Muulizaji, Fuoni, Unguja

Naandika baada ya siku tisa. Barafu ya bomba niliiyeyusha kwa njia ya sindano. Ilichukua dakika 40. Chujio nimebadilisha. Pampu imefungwa na fundi bomba wa mtaani kwetu, na geji aliyoiweka inaonyesha baa 2.2. Mfereji wa mlangoni sasa unatoa mililita 190 kwa sekunde 10. Barafu za mikupuo mitatu ya kwanza nilizimwaga, na tangu hapo zinatoka nene, nzima, na zimeachana. Bodi ni ile ile ya zamani na gesi haikuguswa. Gharama yote, pamoja na pampu, haikufika ile laki mbili na nusu.

Swali langu la mwisho: maji hapa kwetu hayatoki kila siku, na tangi huweza kukauka usiku bila sisi kujua. Pampu haitadhurika?

Fundi wa majokofu, Mwanakwerekwe

Itadhurika, kwa sababu pampu hizo hupozwa na maji yanayopita ndani yake, na ikizunguka kavu sili yake huungua. Mwambie fundi bomba akutilie swichi ya boya ndani ya tangi, iliyoungwa kwenye waya wa pampu, ili maji yakifika chini pampu ijizime. Ni kifaa cha bei ndogo. Na asiliweke boya chini kabisa ya tangi. Aache kiasi cha sentimita 15 juu ya tundu la kutokea maji, ili mchanga uliotulia chini usivutwe kwenda kwenye ule wavu uliouosha.

Muulizaji, Fuoni, Unguja

Shukran sana kaka. Nimempigia simu, anakuja kesho asubuhi Inshaallah, nami nitaipima sentimita hiyo mwenyewe.